Masika ya Nyanya na Baba Mkwe

Machi 5

Baba mkwe kafika. Rogers kaenda kumpokea stendi ya Mbezi, wameingia saa nane mchana na ndizi mbichi, viazi na fimbo. Nimetoka jikoni na mtandio wangu, nikapiga goti: "Shikamoo baba." Mzee kageuza uso ukutani kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni, kauitikia ule ukuta "marahaba," halafu kapita mlango wa nyuma kwenda kukaa uani juu ya ndoo.

Sikuwahi kumwona kabla ya leo. Tulipofunga ndoa bomani hakuja. Aliyekuja ni mama yake Rogers, Mungu amrehemu, akanikumbatia mpaka kilemba kikanivuka.

Mzee kaletwa kwa ajili ya kliniki ya moyo. Atakaa mpaka madaktari waseme basi. Mie nina swaumu, nimechoka.

Machi 6

Nimempelekea chai. Hakuipokea. Kainama anatazama vidole vya miguu yake mpaka Rogers akaja kunitoa aibu.

"Iweke kwenye stuli, uondoke. Ndiyo mila yetu."

Kwao Tukuyu, anasema, wazee wa zamani kama baba yake hawatazamani na mke wa mtoto wao, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala mwanamke hatamki jina la mkwewe. "Ni heshima, Munira. Tena heshima kubwa."

Mie mtoto wa Kimbiji. Kwetu mtu asiyekutazama usoni hakutaki. Na huyu ana sababu mbili za kutonitaka: mie wa pwani, na dini yangu siyo yake.

Machi 8

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya nyanya, siyo kwa ajili ya baba mkwe. Basi niandike nyanya.

Nina miche miwili ya maana hapa uani. Mmoja ni wa mama mkwe. Alivyokuja mwaka juzi alitubebea nyanya za bustani yake, kila moja kaifunga kwenye gazeti. Kubwa, zina mikunjo kama boga, na tamu kiasi kwamba unazila mkononi kama embe. Nilianika mbegu zake kwenye karatasi, nikazisahau kabatini. Alipofariki, wifi yangu Tupokigwe akaniambia bustani ya mama imeng'olewa, pamepandwa maparachichi. Ndipo nikazikumbuka. Zikaota chache, ukapona mche mmoja. Na huo mmoja hauzai. Joto la Gongo la Mboto linaangusha maua yake yote, kila asubuhi nayaokota chini. Ukifa huu, nyanya za mama zimekwisha duniani.

Mche wa pili umetoka kwa mama yangu Kimbiji. Vinyanya kama gololi, vichachu, vinaota vyenyewe jalalani, jua lije mvua ije vinazaa tu.

Nafanya kazi duka la pembejeo, tunauza mbegu chotara. Siku moja nikamuuliza bosi zinatengenezwaje. Akasema kwa mkono: mtu anachukua chavua ya mche huu, anapaka ua la mche ule. Nikaangalia video mpaka bando likakata. Nikasema kama ni kwa mkono, mikono ninayo. Nautaka utamu wa mama mkwe ndani ya ugumu wa Kimbiji.

Machi 11

Nimeanza alfajiri baada ya daku, kabla ya kwenda dukani.

Unatafuta ua la mama mkwe ambalo halijafunguka, limeanza tu kuwa njano. Kwa kibanio cha nyusi unalifungua taratibu, unatoa ile koni ya njano yenye chavua, hiyo ndiyo dume lake, ua lisije likajipandisha lenyewe. Kinabaki kijiti cha kijani katikati, chembamba kama sindano. Hicho ndicho cha kike. Halafu unaligongagonga ua la Kimbiji juu ya kijiko, linamwaga unga kidogo, unaupaka kwenye kijiti. Mwisho unafunga uzi kwenye kikonyo ulijue ua lako.

La kwanza nimelivunja. La pili nimelivunja. La tatu nimelifunga uzi mwekundu.

Nilipoinuka nikamwona mzee mlangoni ananitazama. Kuona nimegeuka, karudi ndani mbio, kasahau na fimbo.

Machi 14

Limeanguka, na uzi wake.

Machi 16

Nimefunga manne. Joto lake, hata kuku wa jirani wamekaa midomo wazi.

Machi 18

Yote manne chini.

Machi 19

Mzee hali chakula changu cha mchana. Nampikia kabla sijaenda kazini, namfunikia mezani, nikirudi nakikuta vilevile, wali umekauka. Usiku tukifuturu anakula, tena anakula vizuri, kwake uani. Mchana hagusi.

Nimemwambia Rogers, kaniambia nisiwaze sana. Yeye anashinda yadi ya makontena Kurasini, anarudi giza limeingia. Anayewaza ni mie.

Machi 21

Leo nimempigia Tupokigwe. Yeye ni mwalimu Mbeya, hana mambo mengi ya kuzunguka. Nikamwambia: "Wifi, niambie ukweli. Baba ananichukia?"

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya chakula cha mchana. Akacheka, kisha sauti ikabadilika kidogo.

"Wewe Munira! Baba alinipigia juzi. Kasema, 'Yule mtoto wa watu anapika na hali, midomo imemkauka, nitakulaje mimi?' Anafunga na wewe. Nimemkataza, nikamwambia wewe una dawa za kumeza, akaniambia dawa anameza na ndizi moja."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali kifuani wiki nzima, sasa nikawa sina pa kuyapeleka.

Machi 22

Nimemwekea uji kwenye stuli asubuhi, nikasema kwa sauti, nikiutazama mche wa nyanya: "Mgonjwa wa moyo hafungi. Hata Mungu kamruhusu." Nikaenda kazini.

Nimerudi, bakuli limeoshwa.

Pia nimefunga maua matatu. Jana lilishuka wingu, kumepoa kidogo.

Machi 25

Mche wa mama mkwe umewekewa mti. Mtu kachonga fimbo, kaichimbia, kaufunga mche kwa kamba za mgomba, kamba laini, fundo lisilobana. Rogers kaniambia ni yeye ndiye aliyemweleza baba mche huo ni wa nani.

"Alisemaje?"

"Alikwenda kuukalia pembeni tu."

Machi 29

Limeshika! Moja kati ya matatu. Ua limenyauka vizuri, chini yake kuna kitu cha kijani kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na uzi wangu mwekundu shingoni. Nimepiga kelele mpaka mke wa jirani yetu Leonardi akachungulia juu ya ukuta akidhani nyoka.

Mzee alikuwa ndani. Nimemsikia akikohoa kile kikohozi chake cha kuuliza. Nikauambia mche: "Limeshika, baba."

Kutoka dirishani: "Ndaga."

Hilo ni neno la kwao. Ni asante.

Machi 31

Idi. Nimepika pilau. Mama yangu, Bi Chausiku, kaja kutoka Kimbiji na barabara yao mbovu, kafika mgongo umemkatika. Kamsalimia mkwe mwenzie, wameongea bila tabu wala kugeuziana visogo. Nimeona wivu.

Jioni mzee kaketi kando ya mche wake, akauambia kwa sauti ya mtu anayehutubia kanisa: "Huyu aliyepika leo, mkono wake usipate maumivu."

Nikaujibu mche: "Amina."

Mama kaniuliza jikoni, "Nyie mnazungumza na nyanya?" Nikamwambia ndiyo, kwetu ndivyo tunavyoishi.

Aprili 6

Mvua imeanza. Tunda limekuwa kama gololi.

Aprili 9

Mvua.

Aprili 12

Mvua. Limekuwa kama yai la kanga, na mikunjo imeanza kuonekana. Mzee kalitengenezea paa la mfuko wa mbolea.

Aprili 17

Kliniki. Daktari kasema chumvi basi kabisa, na asinyanyue kitu kizito. Nimeuambia mche habari hiyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu. Mche haukujibu.

Aprili 22

Mvua siku nzima. Treni ya umeme inapita huko, mlio wake unasikika kama unapita majini.

Aprili 28

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi.

Jana mchana bosi kafunga duka mapema kwa sababu barabara ilijaa maji. Nikarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Nafungua geti, nakuta uani kumekuwa bwawa, na katikati yake baba mkwe, shati limemganda mgongoni, anachimba mfereji kwa jembe la Rogers. Anataka kuyatoa maji yasiufikie mche.

Nikasahau mche, nikamwambia yeye mwenyewe: "Baba! Baba acha! Umekatazwa!"

Kageuka. Kanitazama usoni, mara ya kwanza tangu afike. Alitaka kusema kitu, mdomo ukafunguka, halafu jembe likadondoka na yeye akakaa chini, ndani ya maji, polepole kama mtu anayekaa kitini. Midomo ilikuwa ya bluu.

Nilimshika. Naandika hivyo kwa sababu usiku kucha nimekuwa nikiliwaza. Nilipitisha mikono yangu chini ya makwapa yake, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamburuta hadi barazani, huku nikimwita Leonardi mpaka koo likachanika. Leonardi kaja na bajaji yake, tukambeba. Njia nzima nimekaa nyuma nimemkumbatia asianguke, kichwa chake begani kwangu. Alijaribu kujitoa. Nguvu hana, lakini alijaribu, na kila bajaji ikiruka shimo anasema "samahani, samahani," hata sijui ananiomba mie samahani au anawaomba wazee wake.

Rogers simu haipatikani. Pale mapokezi nesi kaniuliza: "Jina la mgonjwa?"

Nikamwangalia. Najua jina. Nalijua tangu siku ya kwanza Rogers aliponitongoza. Sijawahi kulitoa mdomoni.

"Dada, jina la mgonjwa."

"Ni baba mkwe wangu."

"Hilo siyo jina."

Mzee yuko kwenye machela pembeni yangu, macho kafumba, kifua kinapanda na kushuka kama cha njiwa. Nikasema: "Lusungu. Anaitwa Lusungu Mwasomola."

Akafumbua macho.

Aprili 29

Wamemtoa maji yaliyojaa mapafuni. Anapumua. Daktari kasema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Asubuhi Rogers katoka kwenda kununua dawa, tukabaki wawili. Niliandaa chai, nikatafuta stuli. Wodini hakuna stuli. Nikasimama na kikombe kama mjinga. Mzee akatoa mkono chini ya shuka, akakipokea.

Akanywa nusu. Akasema, akitazama kikombe: "Uliniita."

"Nilikuita, baba. Unisamehe. Nesi alitaka jina."

"Mama yake Rogers alikuwa ananiita hivyo tukiwa wawili." Akakizungusha kikombe. "Tangu afe, mimi ni baba, ni babu, ni mzee. Sikulisikia tena. Juzi nilidhani nimekufa, nimefika, ananipokea yeye. Nikafumbua macho nikakuona wewe umelowa kama kuku."

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha nikalia. Yeye hakugeuza uso.

Aprili 30

Nimefika nyumbani kuoga. Mche wa mama mkwe umenyauka. Majani ya kijani kabisa, lakini yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Naujua ugonjwa huu, wateja wananiletea dukani kila masika na jibu langu ni lilelile: ng'oa, hauna dawa. Nimesimama pale nikajijibu mwenyewe.

Tunda bado la kijani. Ila limejaa, na chini limeanza kupauka. Nimelikata na kikonyo chake, nikalifunga gazetini na ndizi mbivu, nikaliweka kwenye ndoo ya mchele.

Nimeung'oa mche kwa mikono yangu. Ule mti wa mzee nimeuacha.

Mei 2

Nimemwambia. Nilidhani moyo wake utashindwa. Akauliza tu: "Tunda liko wapi?"

"Limelala kwenye mchele."

"Basi ni mjamzito aliyekufa, mtoto kapona," akasema. "Imekwishatokea kwa watu pia."

Mei 4

Karudi nyumbani. Kageuza kitanda chake kitazame ndoo ya mchele.

Mei 10

Limeiva. Siyo rangi ile ya waridi ya bustanini, limepauka kidogo, lakini mikunjo yote ipo. Leo Jumamosi, Rogers yupo nusu siku, tumekaa watatu mezani. Meza moja! Mzee kasogeza kiti chake pembeni kidogo, anakaa upande upande, lakini yupo.

Nikawaeleza kabla sijakata. Kwenye hizi nyanya mchanganyiko uko ndani ya mbegu peke yake. Nyama ni ya mama mtupu, kwa sababu imejengwa na mche wa mama. Kwa hiyo mbegu nazihifadhi, na nyama hii ndiyo nyanya ya mwisho ya mama.

Rogers alikuwa haelewi, mzee alielewa upesi. Kavua kofia.

Nimekata. Mbegu na utelezi wake nimezitia kwenye glasi, zichachuke siku mbili tatu zitoke ule ute. Nyama nikaigawa mafungu matatu. La mzee halina chumvi, daktari kakataza. Kalitafuna muda mrefu mno. Sie tulikwishamaliza, yeye bado anatafuna, machozi yanashuka yenyewe na wala hayafuti.

Rogers kasema, "Mama alikuwa anaziweka kwenye maharage."

"Aliziweka," mzee akasema, "kwa sababu wewe ulikuwa hutaki kula maharage."

Mei 13

Nimesia mbegu kwenye trei. Zimezama vizuri kwenye glasi, dalili njema.

Mei 16

Nimetoka dukani nikakuta kuku jike kafungwa mlangoni kwangu jikoni, mwekundu, mnene, ananitukana. Mzee kasimama barazani na suti yake ya kanisani.

"Kwa ukoo wetu," akasema, "mzee akitaka kuondoa mwiko kati yake na mkwewe anampa ng'ombe. Ng'ombe haingii kwenye bajaji. Pokea huyu."

Nikapiga goti nikapokea kamba mkononi mwake. "Asante, baba."

"Munira," akaniita. Basi, hakuna lililofuata. Alikuwa analijaribu tu.

Mei 20

Zimeota! Kumi na tisa.

Mei 26

Yule kuku kala miche.

Kakata kamba, kapanda juu ya meza, kala kama mchicha. Imebaki mitano. Nimeshika kisu. Mzee kasimama kati yangu na kuku, mikono kaitanua.

"Huyu hachinjwi! Huyu ni ng'ombe!"

"Baba, kala miche ya mama!"

"Ng'ombe pia wanakula mashamba ya watu. Wanachinjwa?"

Sijasema naye mpaka jioni. Kisha nikakumbuka kwamba kabla ya mwezi huu nisingeweza hata kumnunia, maana angejuaje.

Kuku kahamia kwa Leonardi.

Juni 14

Miche mitano tumeihamishia kwenye mifuko, udongo mpya, juu ya matofali. Mzee kashika, mie nimefukia. Mvua imekwisha. Kipupwe kinapuliza, asubuhi anavaa sweta.

Juni 30

Rogers kaleta habari ya tiketi ya Tukuyu. Daktari kamruhusu. Mzee kasema, "Niende nikaone maparachichi?" Tiketi imerudi.

Julai 8

Maua. Hayaanguki.

Agosti 3

Kila mche umebeba. Saizi ya limau, mikunjo kwa mbali sana, kama mtu anayefanana na mama yake akigeuka tu.

Agosti 20

Leo tumeonja. Mzee alisubiri nitoke kazini, mikono kaiosha kabisa. Nikachuma ya kwanza iliyoiva, nikaikata mbili, nikampa nusu.

Nilitafuna nikajua. Ila nilingoja nimsikie yeye.

Akatafuna. Akafumba jicho moja.

"Chachu," akasema.

"Si chachu sana."

"Munira, hii ni chachu kama ndimu. Hii ni Kimbiji tupu. Mama yake Rogers hayumo."

Niliona masika yote yale yanakwenda bure. Nikamwambia yumo, baba, kajificha tu. Kizazi hiki cha kwanza wote hufanana, tunapanda mbegu zake tena, ndipo watoto wanagawanyika, mwingine anafuata huku mwingine kule, na sie tunachagua mtamu.

"Basi tuchukue mbegu za ule mche wa mwisho, wenye matunda makubwa."

"Baba, yote mitano ni sawasawa. Ukubwa ni wa mbolea."

"Nimelima miaka yote, unaniambia ukubwa ni wa mbolea?"

"Umelima chai!"

"Na chai haina mbegu?"

"Chai unachuma majani!"

Kasimama na fimbo, mie nimesimama na kisu, yeye anaonyesha mche wa mwisho, mie naonyesha wa kwanza, kila mmoja anampandia mwenzie sauti. Mke wa Leonardi kashachungulia ukutani, kavuta na kiti kabisa. Geti likafunguka, akaingia Rogers na kofia yake ya kazi mkononi, karudi mapema. Kasimama palepale. Kamtazama baba yake, kanitazama mie, kamtazama tena baba yake, aliyekuwa kaninyooshea kidole hadi puani.

"Mnagombana?" akauliza, na sauti yake haikuwa sawa.

"Ndiyo," tukamjibu wote wawili. Mzee kasogeza benchi kwa mguu. "Kaa hapo, uonje, useme nani mwongo."